Njooni Jumamosi, Mtajua Hukuhuku

Adventina hawezi kukaa kitini zaidi ya dakika tano. Nilipopanga chumba nyumbani kwake Nyasho, mjini Musoma, nilimkuta kila asubuhi amesimama uani, simu ameibana kwa bega, macho yapo barabarani. Ana miaka arobaini na moja. Kazi yake ni ushonaji, ila cherehani kimefunikwa kanga tangu mwaka jana, alipojiunga na kampuni ya vidonge vya lishe. Kampuni hiyo haikulipi sana kwa kuuza vidonge. Inakulipa kwa kuleta watu, na watu wako nao walete watu wao.

Alikuwa na daftari lenye majina mia moja ya kila anayemjua. Daftari kama hilo nimeliona Lusaka, nikaliona na Kampala, na kanuni ya kwanza ni ileile: usimwambie mtu unamwitia nini. Ukisema, haji. Mwache awe na hamu.

Wiki hiyo alikuwa na nyota mbili, cheo alichokipata kwa mwaka mzima wa kutembea. Ili asizipoteze ilibidi alete watu watatu wapya kabla ya Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Akishindwa, anarudi chini kabisa.

Jumatatu alikwenda Kitaji kwa mwalimu Lucy. "Mwezi uliopita ulikuja na vya figo," Lucy alimwambia, "leo vya macho. Safari ijayo utaniletea vya kunifufua." Jumanne, Kamunyonge, wanakwaya wenzake walimwona kwa mbali wakakata kona. Jumatano nilifuatana naye hadi Bunda, kwa Abednego, aliyesoma naye, ambaye sasa anauza misumari na saruji.

"Nakusikiliza," Abednego alisema, huku akimhesabia mteja misumari. "Nikuulize tu. Hao walioko juu yako, wanajengaga?"

"Wengine wanajenga."

"Waambie waje wanunue saruji kwangu. Wakishanunua, na mimi nitaingia kwao."

Wapakiaji walicheka, na Adventina akacheka nao. Ndani ya basi la kurudi alihama kiti mara mbili, akaniambia kukataliwa hakumuumi. "Edwin aliyeniingiza anasema kila hapana inakusogeza mbele. Kwa hapana nilizokulaga mimi, ningekuwa nimeshafika Mwanza."

Ijumaa sauti ilikuwa imemkauka kwa kuongea wiki nzima. Hapo ndipo alipogeukia Butiama, kwa ukoo wake, ambao alikuwa ameuweka akiba. Nilikuwa nimekaa karibu alipompigia shangazi yake Nyamburi, aliyemlea.

"Shangazi, kesho njooni Musoma. Wewe, baba mdogo Enoka, na wengine mtakaowapata."

"Kuna nini?"

"Njooni tu. Mtajua hukuhuku."

"Sawa, mwanangu," shangazi alijibu, na hakuuliza tena. Adventina alikata simu akiwa na furaha. Alidhani ameamsha hamu.

Jumamosi alikodi turubai na viti thelathini vya plastiki. Edwin alifika mapema, suti nyeusi na tai, kitabu cha mafunzo mkononi, ubao wa kukunja kwapani. Saa nne tukawasikia wageni kabla hatujawaona. Nimeishi nchi nyingi, na kilio cha msiba sijawahi kuhitaji mkalimani wake.

Walikuwa kumi na moja. Mbele alikuwa Nyamburi, kanga kiunoni, na nyuma yake mzee Enoka katika koti jeusi, amebeba unga wa muhogo begani. Kwao kifo hakisemwi kwenye simu. Unaambiwa njoo, utajua ukifika, na anayekuita mara nyingi sauti imemkauka. Sasa waliona turubai, viti, na mtu wa suti nyeusi mwenye kitabu. Nyamburi alikaa chini palepale getini akaanza kumlilia mwanawe Fred, anayechimba dhahabu machimboni. Majirani walitoka. Mmoja alikuwa ameshaleta kuni.

"Shangazi, hakuna aliyekufa," Adventina alisema, akijaribu kumwinua.

"Usinifiche. Tangu jana simu yake haipatikani. Nimepiga mara mbili, ya tatu nikaogopa."

Mzee Enoka alimwendea Edwin, akavua kofia. "Mchungaji, mwili uko wapi?"

"Mimi si mchungaji, mzee. Nimekuja na fursa."

"Fursa ndiyo nini?"

Adventina alikuwa ameshampigia Fred, simu ameiweka kwenye spika. Iliita kwa muda mrefu, watu wote wameizunguka, hata aliyeshika kuni. Kisha Fred akapokea, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Nimetoka shimoni sasa hivi, nalala. Huko nani analia?"

"Mama yako," mzee Enoka alisema.

"Kafa nani?"

"Wewe."

Watu waliangua kicheko, kile cha kutua mzigo, na Nyamburi akacheka kuliko wote huku machozi yakiendelea. Aliongea na mwanawe kwenye ile simu mpaka salio likaisha. Kisha akajifuta uso, akachukua kiti cha mbele.

"Haya, mwanangu. Tulichoitiwa ni nini?"

Adventina alieleza, Edwin akamalizia kwa kuchora duara ubaoni, na chini yake maduara mengine mengi. Alipouliza nani yuko tayari, mzee Enoka alinyoosha mkono, na wengine wakafuata.

"Tuandike sote," Nyamburi alisema. "Nina mbuzi wawili. Jumatatu nauza mmoja, naleta hela."

Edwin alimsogezea Adventina fomu. "Andika haraka, wakiwa na furaha hivihivi," alimnong'oneza. "Ni kumi na moja, dada. Ulitaka watatu."

Adventina alishika kalamu. Nilimwona, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ametulia kabisa kitini.

"Shangazi, umeelewa hii biashara?"

"Sijaelewa. Mwanangu yu hai, nielewe nini tena?"

Adventina alifunika kalamu. "Leo siandiki mtu."

"Dada, mwisho ni saa kumi na mbili," Edwin alisema.

"Saa naijua."

"Umepata ndiyo kumi na moja, unazikataa?"

"Hizo si ndiyo za vidonge. Ni za Fred."

Edwin alianza kukunja ubao wake, lakini mzee Enoka alimzuia: hakuna anayeondoka nyumba hii bila kula. Basi ule unga wa msiba ukapikwa kwa kuni za msiba, jirani akaongeza sato watatu, na Edwin akala ugali tai ameitupia begani. Nyamburi alimkaripia mpwa wake hadi chakula kikaisha. "Siku nyingine ukipiga simu, anza kwa kusema wazima wote. Halafu useme hayo mengine yako. Ningekufia njiani."

Saa kumi na mbili na dakika chache Adventina alikuwa anasugua sufuria. Simu ililia. Alifuta mkono, akasoma ujumbe wa kampuni kwamba hana nyota tena, akaendelea kusugua.

Jumatatu alianza upya, jina la kwanza la daftari, simu begani, uani, anatembea huku na huko. "Wazima wote hapa," alimwambia kila mtu. "Nauza vidonge vya lishe, na natafuta watu wa kuviuza pamoja nami. Hutaki, sema tu." Hadi saa sita mchana, watu kumi na saba walisema hawataki. Wa kumi na nane, mama mmoja wa Bunda, aliuliza bei. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye kazi yangu, Adventina alikuwa ameshafika barabarani, anasimamisha bodaboda.