Pumzi ya Saba

Wanafunzi wangu wa yoga hunicheka eti sijui kuhesabu. Nikifika sita, narudi moja. Huwaambia, nyinyi vuteni pumzi, hesabu niachieni mimi. Sijawahi kuwaeleza sababu, maana ningelazimika kukiri kwamba mimi ni mwoga, na mwalimu hapendi kusema hivyo mbele ya watu waliolala chali wakimsikiliza.

Nilizaliwa Meru mjini, nyumba ya Waislamu, baba akiuza nyama. Kazi ya kunyoosha viungo nilifundishwa hospitalini Embu na sista Mzungu: kukanda misuli, kumrudisha mtu kwenye miguu yake baada ya kuvunjika. Yoga niliipata hukohuko kwa mama mmoja wa Kihindi, mke wa mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nikimkanda goti, naye akaona mgongo wangu mwenyewe umeanza kupinda kwa kuinamia wagonjwa. Akanilaza kwenye mkeka wake. Kwanza alivua bangili na viatu, nami nikavua, kisha tukavuta pumzi saba pamoja. Baba aliposikia alicheka mpaka nusura ajikate na kisu. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame," akasema, "lakini wewe binti yangu unainama, na mvunguni hamna kitu!"

Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni ilipokaza, nikahamishiwa Meru. Watu wa chini ya msitu walikuwa wametolewa makwao na kurundikwa kwenye vijiji vyenye boma, homgadi, askari wenyeji wa serikali, wakilinda langoni. Kila asubuhi wanawake walipelekwa kuchimba mtaro mkubwa kando ya msitu, ili wapiganaji walioko ndani wasipate chakula. Mtaro huo ndio uliotuletea wagonjwa. Mmoja alikuwa mjane wa upande wa Kiirua, mama wa watoto wanne. Aliteleza mtaroni akiwa amebeba mawe, akaletwa kwetu ndani ya blanketi. Daktari alimwandikia barua: asichimbe mpaka mgongo upone. Mjane akaishona barua ile ndani ya rinda lake. Nilikuwa nimeugusa mgongo ule kwa mikono yangu. Nilijua ukirudi mtaroni kabla ya wakati, hautasimama tena.

Nilipewa pasi ya kwenda kumwona kijijini kila Alhamisi mchana. Jirani zake wakaanza kuingia na wao, maana ni nani hapo hakuumwa mgongo? Alhamisi moja nyumba ilijaa. Nikafunga mlango, upepo wa mlimani ulikuwa unatutoboa. Nikawaambia wavue bangili, hereni, hata pini za nguo, zisiwachome wakilala. Wafumbe macho. Kisha nikahesabu pumzi kwa Kimeru, kwa sauti, nikijidai kwamba lugha yao naijua, moja baada ya nyingine mpaka mugwanja, saba.

Hakuna aliyetoa pumzi. Nilipofumbua macho wote walikuwa wananitazama. Bibi mmoja mzee karibu na mlango alianza kulia. "Umetufanya nini, mwanangu?"

Lahaula! Kimeru changu nilikiokota sokoni Gakoromone nikinunua ndizi na viazi, nani angenifunza mambo ya ndani? Kwao saba si namba ya kutamkwa ovyo ovyo. Na kiapo cha wapiganaji wa msituni, ambacho mtu akishikwa akikilisha ananyongwa, kililishwa hivyohivyo: mlango umefungwa, chuma kimevuliwa, maneno yakirudiwa mara saba. Yule bibi aliamini amelishwa kiapo bila kujua. Jioni ileile alikwenda kwa homgadi kuungama ili aokoke.

Homgadi walinifuata hospitalini siku ya pili. Nilishindwa kufunga kamba za viatu vyangu.

Kijijini palikuwa na baraza. Bwana Shauri, ofisa Mzungu wa wilaya, alikuwa kwenye kiti, mkuu wa kijiji kando yake, na wanawake wangu wamekalishwa chini juani. Nilisema ni mazoezi ya mgongo.

"Mazoezi gani ya kufungiana mlango?" mkuu wa kijiji akauliza.

Nikasema ngoja niwaonyeshe.

"Huyu anaweza kuigiza chochote," akasema yule mkuu. "Aonyeshe mgonjwa wake. Kama kweli ni mazoezi, atayajua."

Yule mjane alinitazama. Angeweza kusema hajui, hawezi, mgongo bado, na ingekuwa kweli. Alikuwa na barua. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia, mama, usifanye. Neno lilifika kooni nikalimeza. Nilikuwa nauona mti wa kunyongea, na nilitaka kuishi.

Alilala kifudifudi vumbini. Akainua kifua polepole. Akakunja magoti, akasimama, akainama mpaka vidole vikagusa miguu. Jasho lilimtiririka, lakini hakutoa sauti hata kidogo.

Bwana Shauri akacheka. "Mzuri sana. Hii si kiapo."

Watu wakapumua. Mkuu wa kijiji hakucheka. "Kumbe mgongo umepona," akasema, akanyoosha mkono.

Mjane alikata uzi kwa meno, akatoa barua, akampa. Ikachanwa palepale. Aliponipita alinishika kiwiko. "Mwari," akasema, vile mama wa Kimeru anavyomwita bintiye, "nenda nyumbani. Baba yako anakungoja."

Kesho yake asubuhi nilirudishwa mjini kwa lori, na njia ilipita kando ya mtaro. Nilimwona. Alikuwa anachimba vile nilivyomfundisha, magoti yakikunjwa kwanza, mgongo umenyooka, pumzi ikitoka jembe linaposhuka. Dereva alikwenda taratibu kwa sababu ya tope, nami nilikuwa karibu kiasi cha kumwita bila kupaza sauti. Niliinamisha kichwa nikaanza kuhesabu pumzi zangu. Nilipofika sita nikarudi moja, tena na tena, mpaka tukampita.