Ufunguo wa Kabati la Susu

Kwa miaka mingi nimekuwa nikikaanga mayai nikiwa nimegeuza uso. Wanangu hunicheka, wakidhani naogopa mafuta yatanirukia. Mafuta siyaogopi. Harufu ile hunirudisha mtaa wa Kaloleni jijini, kwenye nyumba yetu ya mawe na vigae nyuma ya ua wa miiba ya kayaba, mwaka ule wa ukame wa themanini na nne, watu wakipanga foleni ya unga wa mahindi ya manjano na kunung'unika kwamba ugali wake unanuka. Garimoshi lilipiga king'ora upande wa reli, masizi ya viwandani yakatua kwenye nguo zilizoanikwa, na ndani, mlango umefungwa mchana kutwa, mama yangu mja mzito alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao akinusa chakula asichoruhusiwa kula. Nilikuwa na miaka tisa, na kila nikitoka shule nilikuwa naketi naye humo ndani mpaka jioni.

Aliyemzuia hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, maana mtu mbaya ningejua la kumfanya. Alikuwa Susu, ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, mamake Baba, ambaye mimi ndiye niliyepewa jina lake, Nduku. Tumbo la Mama lilipoanza kuonekana alishuka basi kutoka kijijini akiwa na kiondo chake na hofu yake. Hofu yenyewe ilikuwa mimi. Mimi nilizaliwa kule kijijini, kifungua mimba, jitu la mtoto, na kunizaa kulimchana Mama vibaya mno hata wanawake waliokuwa chumbani wakaanza kulia wakidhani ameshakwenda. Susu ndiye aliyenipokea kwa mikono yake. Akaapa kwamba mkaza mwana wake hatateseka vile tena, na dawa aliijua, kwa kuwa ndiyo aliyofundishwa na mamake: mwanamke mja mzito asile mayai, asinywe maziwa, asiguse nyama, na kadiri miezi inavyosonga apunguze hata ugali, ili mtoto awe mdogo apite bila taabu. “Mtoto atanenepea huku nje,” alikuwa akisema. “Huko ndani kazi yake ni kupita.”

Kliniki ilikuwa imesema vingine. Nesi alimshika Mama mkono, akautazama ulivyokonda, akamwambia ale mayai na maharagwe. Baba, ambaye alikuwa dereva wa lori la saruji, akawa anarudi na mayai aliyoyanunua njiani, ameyafunga kwenye gazeti na kuyaweka mapajani yasivunjike. Susu aliyapokea kwa shukrani nyingi, akayafungia kwenye kabati la vyakula, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Baba aliteremka milima yote ya barabara ya Mombasa na mzigo mgongoni bila kutetemeka, lakini mbele ya mamake alikuwa mtoto wa shule. Nilimsikia akijaribu siku moja tu.

“Mwaitu,” alimwambia, ndivyo anavyoitwa mama kwa Kikamba, “nesi amesema ale.”

“Huyo nesi alikuwepo siku huyu anazaliwa?” Susu aliuliza, akinionyesha kwa kidevu.

Baba alinitazama, akamtazama Mama, akachukua kofia yake akatoka. Na kwa kuwa mayai hayangeachwa yaharibike, yalikaangwa yakaliwa na mimi. Nilikula kwenye kile chumba chetu kimoja, Mama akiwa ameketi hatua chache kutoka nilipo, na kila sahani ilipotua mezani aliugeuza uso wake ukutani. Pale ukutani hapakuwa na chochote cha kutazama. Niliyachukia mayai yale na niliyapenda, maana nilikuwa na njaa kama kila mtoto wa mtaa mwaka ule, na nisipomaliza Susu aliniuliza kama naumwa.

Jirani yetu Mama Zubeda, mwanamke wa Pwani aliyekuwa akikaanga mahamri ya kuuza mlangoni kwake, yeye alilelewa na mila iliyo kinyume kabisa. Kwao mja mzito akisikia harufu ya chakula ni lazima aonjeshwe, hata kama ni cha wageni. Basi kila alipopika maharagwe ya nazi alibisha hodi na bakuli limefunikwa kwa kitambaa. “Hili ni la Mama Nduku,” alikuwa akisema, na Susu alipokea, akashukuru, akaombea nyumba ya jirani baraka, akafunga mlango, kisha bakuli likaja kwangu. Baadaye Mama alikatazwa hata kuketi kibarazani, asije akalishwa na watu. Pazia likateremshwa. Akawa anatafuna yale mawe laini ambayo wajawazito hununua sokoni, na sauti ya mawe kwenye meno yake ndiyo iliyokuwa mazungumzo yetu ya alasiri. Nilitamani sana kutoka nikaruke kamba na wenzangu, na nilishindwa kumwacha.

Siku moja Susu alipotoka kuteka maji nilibakisha nusu ya yai, nikampelekea Mama mkononi. Aliliangalia. Kisha akavikunja vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja.

“Kula wewe,” alisema. “Nikila mtoto atakua mkubwa. Akiwa mkubwa nitakufa, na wewe utabaki na nani?”

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mlango wetu ulikuwa umefungwa kwa ndani pia. Nilidhani Mama anazuiwa na Susu, kumbe mwenyewe aliamini. Tangu siku hiyo hata mimi niliogopa kumwona akila. Kijiko chake kikienda mdomoni zaidi ya nilivyozoea, nilikuwa nahesabu.

Mwende alizaliwa mdogo mno, ngozi imejikunja mapajani, na alipita bila taabu yoyote, kama Susu alivyoahidi. Mama aliamka siku hiyo hiyo akaomba maji ya kuoga. Susu alilia kwa furaha, akalipasua lile pindo la leso kwa meno fundo lilipomshinda, akafungua kabati. Kisha ahadi ya pili nayo ikatimizwa. Mtoto akaanza kunenepeshwa: uji wenye sukari nyingi, glukosi, na alipoanza kutembea, soda kila Baba aliporudi safari salama. Mashavu yakajaa, mikono ikafanya mikunjo, na Susu akawa anampitisha mtaa mzima watu wamwone. Aliporudi kijijini alirudi mshindi, na sisi sote tulimwona hivyo.

Mwende hakuwa amefika hata miaka arobaini kiu ilipomshika. Alikuwa anakunywa maji jagi kwa jagi, akakonda, macho yakaingia ukungu, na alipopimwa ikawa ni kisukari. Sasa hana vidole viwili vya mguu wa kushoto. Mimi, jitu la mtoto, sukari yangu haina neno. Nilimuuliza daktari wake kwa nini, naye akaniuliza Mama alikula nini akiwa na mimba ya Mwende. Akanieleza taratibu: mtoto anayekosa chakula tumboni mwili wake hujifunza kubana matumizi, na akikutana na shibe na sukari nyingi huku nje, mwili huo hulemewa upesi kuliko wa mwenzake. Mambo mengine huchangia, alisema, na si kila mtoto mdogo huugua. Kisha akaongeza kwamba mtoto wa kike akiwa tumboni tayari ana mbegu za watoto atakaowazaa. Kwa hiyo kwenye kile kiti cha Kaloleni, nyuma ya pazia, waliokuwa na njaa ni watatu, na wa tatu alikuwa Syombua, binti wa Mwende.

Syombua sasa ni mja mzito. Anaishi ghorofani Kariobangi, na majuzi nilimkuta ameketi sofani mashavu yameingia, Mama yangu, ambaye sasa ni mzee wa mkongojo, ameketi kando yake. Mwende alikuwa amelala chumba cha pili baada ya sindano yake. Daktari amemwambia Syombua apime sukari na ale vizuri. Yeye alisikia la sukari tu.

“Anti, mi sitaki mtoi mkubwa,” aliniambia. “Nikienda hospitali watanipasua. Na hii sukari ya mathe naiogopa. Heri nisikule.”

“Mwache,” Mama alisema. “Mwende nilimzaa bila shida. Mtoto atanenepea huku nje.”

Niliposikia maneno ya Susu yakitoka mdomoni mwake nilihisi pazia lile linateremshwa tena. Dirisha la Syombua liko wazi, jikoni kwake hakuna kufuli, friji imejaa, na bado binti wa watu anakaa na njaa. Nikinyamaza, mtu wa nne ameingia chumba kile. Nikisema, nitamwambia mwanamke wa miaka themanini kwamba kile alichokivumilia kwa uchungu vile kilimuumiza mwanawe. Nilikwenda jikoni, nikakaanga yai, nikaliweka mbele ya Syombua, kisha nikasema yote, alivyonieleza daktari wa Mwende, bila kupunguza.

Mama aliulaza mkongojo wake sakafuni. Kisha akauliza, “Kwa hivyo ni mimi niliyempa Mwende ugonjwa?”

“Si wewe, Mama. Wewe hukuwa na ufunguo.”

“Hata ningekuwa nao nisingefungua,” alisema. “Niliogopa kukuacha.” Aliitazama sahani. “Lakini yai lilikuwa linanukia. Nilikuwa nageukia ukutani, na bado nalisikia.” Akaisukuma sahani kwa Syombua kwa ncha za vidole. “Kula, mama. Kula nikikuona.”

Syombua alikula polepole, na Mama hakuondoa macho kwake mpaka kipande cha mwisho. Kisha akanigeukia.

“Nduku,” alisema, “na mimi nikaangie.”

Nilimkaangia mawili, na mara hii sikugeuza uso.