Muuza Nyama na Upande wa Kushoto

"Mdakaji wa nne wa nini, Dorota, na kijana wetu anayerusha mpira anavunjwa mbavu kila wiki?" Hivyo ndivyo muuza nyama wa Buffalo, Marekani, anavyogombana na wateja kila Aprili, timu za futiboli ya Kimarekani zinapochagua wachezaji wapya kutoka vyuoni. Hupanga soseji tano mezani, ukuta wa walinzi wanaomkinga mrusha mpira, kisha huondoa ya kushoto kwa kidole chake kilichopinda. "Ona, mlango wazi."

Safari hii redio ikatangaza kwamba timu yao imechukua mlinzi wa kushoto. Muuza nyama akaketi juu ya ndoo, akashusha pumzi ndefu. Dorota, mteja wake aliyeweka dau kwamba watachukua mdakaji, ameshindwa: Jumapili avae jezi ya wapinzani kanisani.

"Vaa gauni lako tu, mama," akamwambia. "Mwaka huu kijana atamaliza msimu mzima."