Kitanda Namba Tisa Tulikilalia Wawili

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nililazwa katika hospitali moja upande wa Homa Bay, goti limevimba na kutunga usaha baada ya kuanguka na baiskeli. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Oyugis. Wodi ilikuwa imejaa, kwa hiyo kitanda namba tisa tulikilalia wawili, kichwa cha mmoja kwenye miguu ya mwenzake. Mwenzangu alikuwa mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka kisiwa cha Remba, aliyekuwa akingoja kupasuliwa ngiri.

Sista wa wodi alikuwa ameleta utaratibu mpya. Alituambia usalama wetu si kazi ya wauguzi peke yao: kabla ya dawa au sindano, kila mgonjwa ataje jina lake na ugonjwa wake, asipoelewa jambo aulize, na akiona kosa aseme. Mimi niliona kumhoji daktari ni utovu wa adabu. Mchuuzi aliupokea utaratibu ule kama amri ya Mungu. Alimrudisha daktari kwenye beseni akanawe mikono. Mchungaji alipokuja kutuombea, akaanza kulikemea goti huku amemwekea mchuuzi mkono, alikatizwa katikati ya sala akaelezwa kwamba goti liko upande wa pili. Akazunguka kitanda, akaanza upya.

Asubuhi moja mhudumu alikuja na troli ya kubebea wagonjwa, akauliza namba tisa ni nani. Mchuuzi alikuwa chooni. Nikaitika. Akaniuliza kama nimekula tangu jana. Homa ilikuwa imenikata hamu, nikasema sijala. Akasoma karatasi yake.

"Ngiri?"

Nilisita kidogo, kisha nikasema ndiyo.

Akanipandisha kwenye troli. Tulikuwa tumekaribia mlango wa tiata, chumba cha upasuaji, mchuuzi alipotufikia, ameshika shuka kiunoni.

"Huyo ni goti," alimwambia mhudumu. "Ngiri ni mimi."

Mhudumu alimwonyesha karatasi: namba tisa. Mchuuzi akasema hata yeye ni namba tisa, na kwa kuwa maneno hayakutosha, akaachia shuka mbele ya watu waliokuja kuona wagonjwa wao. Mama mmoja aligeukia ukuta. Mhudumu akakubali. Lakini mimi sikuweza kushuka kwa goti lile, na mchuuzi hakutaka kupoteza zamu yake, basi akapanda nyuma yangu, tukasukumwa wote wawili hadi mlangoni. Yeye akaingia, mimi nikarudishwa.

Sista alikuwa akiningoja wodini. Aliniuliza kwa nini nilikubali kupelekwa kupasuliwa ngiri nisiyokuwa nayo. Nikamwambia ukweli.

"Nilidhani daktari ameona kitu ambacho mimi sikijui."

Hakucheka. Alinisimamia nikataja jina langu na goti langu mara tano, kama mtoto wa darasa la kwanza, wodi nzima ikisikiliza.

Mchuuzi alizinduka mchana, akauliza kwa sauti nzito wamemkata wapi. Walipomwonyesha bandeji kinenani, aliitazama kwa muda mrefu, akalala tena.