Suruali Iliyoongezwa Kiuno

Mtaa mzima ulimwita Mama Futi, kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka shingoni; hata sala alisali nayo. Miaka thelathini alishona kwenye chumba chenye dirisha la barabarani, na jambo alilojivunia ni moja: mwili wa mtu aliusoma kabla mwenyewe hajafungua kinywa. "Umepungua, mwanangu, una nini?" Hakukosea.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Mwaka ule alianza kuhema kwa vidaraja viwili tu vya ngazi, akawa analalia mito mitatu, na miguu ikavimba hadi viatu vikamkataa. Mama Futi akamkokota mpaka zahanati. Muuguzi, binti mpole, alimtoboa kidole, akatia tone la damu kwenye kimashine. Kisha akampitishia kifuani kingine kidogo kama simu, na moyo ukaonekana pale pale kwenye kioo, ukijikunja kivivu. Chai ya muuguzi ilikuwa haijapoa, jibu limeshatoka.

"Moyo umechoka kusukuma damu, baba. Maji yanabaki mwilini. Vidonge hivi vitayatoa, usiviache hata ukijisikia mzima. Na ujipime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, hujanenepa, ni maji. Uje siku hiyo hiyo."

Maneno hayo Mama Futi hakuyasikia. Alikuwa kwenye dirisha la mapokezi anafuata kadi. Njiani alipouliza, mumewe, asiyependa kumtia mtu hofu, alijibu, "Kasema nimeze dawa, nipunguze chumvi."

Maji yakatoka. Baba wa watu akabaki mifupa, suruali zikamning'inia. Mama Futi akazipunguza kiuno huku machozi yakidondokea kitambaa, akamwomba Mungu amrudishie mwili wa mumewe. Hakujua kwamba kukonda kule ndiko kulikokuwa kupona.

Miezi miwili baadaye suruali ikaanza kubana. Akapiga magoti kushukuru, akafumua mshono, akaongeza vidole viwili.

"Wifi, unamlisha nini kaka yangu?" dada wa mume akatania. "Kitambi hicho kinarudi kwa fujo!"

"Namlisha maombi, wifi yangu."

Baada ya siku nne mume akaileta tena. "Mke wangu, umeibana."

"Nimeibana mimi, au wewe umenona?" Wakacheka, yeye akamalizia kwa kikohozi kirefu.

Mara ya tatu Mama Futi aliipiga bandi kwanza, ile mishono mirefu ya kushikiza tu, akamwita aijaribu. Mume aliivaa kwa taabu, akakaa ukingoni mwa kiti, pumzi juu juu. Mama Futi akainama kurekebisha pindo. Kidole chake kikagusa muundi, kikazama. Alipokitoa, shimo likabaki pale pale, kama kwenye unga uliokandwa.

Alikimbia peku hadi zahanati. Muuguzi akaja na kimashine chake, akampima mgonjwa pale pale kwenye kiti.

"Amekuwa akiongezeka tangu lini, mama?"

"Kama wiki mbili. Nilifurahi, binti yangu. Nilimshukuru Mungu."

Binti hakumkemea. Alimchoma mgonjwa sindano ya kutoa maji, akaita gari la wagonjwa.

Hospitali alikaa siku mbili. Kwa pumzi za kuhesabu alimwambia mkewe, "Vile vidonge niliviacha. Kila saa nashuka ngazi kwenda kukojoa, vijana wa kazini wakanicheka, eti napaka rangi darasa au choo. Usijilaumu, mama watoto."

Asubuhi ya tatu moyo ule mvivu ukanyamaza.

Mama Futi bado anashona. Akimwongezea mtu kiuno, humbonyeza kwanza muundi, tena bila kuomba ruhusa, kisha humuuliza analalia mito mingapi. Wengine hucheka. Suruali ya mumewe iko msumarini nyuma ya cherehani, na bandi yake. Wifi yake alimwomba walau aimalizie, wampe mtu mwenye shida.

"Siwezi, wifi," alisema. "Nikiishika tu, nasikia ile furaha yangu."