Daftari la Mifano ya Mahubiri

Mwanafunzi mwenzangu wa ushauri nasaha alikuwa na sauti tamu, na alijua hivyo. Tulikuwa saba tukifanya mafunzo katika kituo kidogo cha afya karibu na Silibwet, na yeye ndiye aliyependwa na wote. Alivaa koti hata jua likiwaka, na wateja wetu aliwaita "kondoo wangu". Nilimdhania mtu wa majivuno tu. Kumbe nilikuwa nimemheshimu kupita kiasi.

Jumamosi moja tulienda Sigowet kumzika baba wa mwenzetu. Hema lilikuwa limepigwa kando ya shamba la chai. Yule jamaa wa koti akaombwa aseme neno la faraja. Akafunga kifungo cha koti, akaanza:

"Kuna mama mjane alikuja kwangu juzi, anashona sweta za shule. Akaniambia siku bwana yake alikufa, alilala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza. Wapendwa, moyo ya binadamu ni mgonjwa!"

Watu wakaguna. Nyuma yangu mwanamke akamnong'oneza jirani yake, "Si ni yule wa Silibwet?"

Nilimjua mjane mshona sweta wa Silibwet. Mimi ndiye niliyempokea mama huyo siku ya kwanza, nikamwambia kwa kinywa changu kwamba atakayoyasema chumbani yatabaki humo.

Tulifundishwa kuanza na mwenzako kabla ya kumfikisha kwa mkubwa. Nikamfuata alipokuwa akila wali.

"Yule mama uliyemsema ni mteja wetu?"

Hakuacha kutafuna. "Dada yangu, ulisikia nikitaja jina ya mtu?"

"Watu wamemjua."

"Basi hiyo ni Roho amefanya kazi. Wewe una wivu tu."

Mchuzi ulikuwa ukimchuruzika kidevuni. Nilimtazama nikaona hana haya hata ya kuazima.

Bado nilikuwa na shaka tu mkononi. Singeweza kumwendea mama mwenyewe kumuuliza. Aliyoyasema chumbani hayakunihusu. Jumatatu niliandika nilichosikia, bila kutia chumvi, nikampelekea msimamizi wetu, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi.

"Una hakika?" akauliza.

"Na nilichosikia, ndiyo. Kilichosemwa chumbani sikijui."

Akamwita jamaa, akamwomba tu kumbukumbu za vikao vyake. Mtu mwerevu angesitasita. Huyu alileta daftari kwa fahari, kama mtoto aliyeshika namba moja. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa: Kiburi. Uzinzi. Wajane Wasio na Shukrani. Chini yake, maisha ya watu; na pembeni, kwa wino mwekundu: "Hapa watalia."

Msimamizi alilifunga. "Kesho usije."

Jamaa alipokuja kuaga, alilia na kuomba tumwombee. Wenzangu wote watano walimzunguka, wakamwekea mikono. Mimi wakaniita Farisayo. Niliwadharau, na mpaka leo sijatubu.

Msimamizi alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akamweleza ukweli na kumwomba msamaha. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Kurasa zangu ziko wapi?" Alipopewa, alizitia motoni chini ya sufuria ya chai. Kituoni hakurudi tena.

Miezi michache baadaye nilimwona sokoni. Nikapunguza mwendo, kwa maana mshauri hamsalimii mteja mbele za watu asipoanza yeye.

"Chamgei," akaanza yeye.

"Chamgei, mama."

Tulisimama kando ya wauza viazi tukaongea kidogo. Alisema haya nikitaka niyasimulie, mradi nibadilishe kazi yake, nami nimebadilisha. Kisha akacheka kwa puani.

"Yule wenu siku hizi ana bango huko Chepilat. Mshauri wa ndoa."

"Na watu wanaingia?"

"Wanapanga laini," akasema, akainama kuchagua viazi.