Majivu ya Mama

Juzi mu soko ya Kasongo nilisikia harufu ya mawese na majivu vikichemka pamoja, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa mutoto, zahabu ya machimbo ya Salamabila ilipungua, na wachimbaji waliokuwa wakinunua mawese yetu wakapotea. Jirani yetu Mama Zawadi, alikuwa na mudomo huyo mwanamuke, akauza yake bei ya kutupa. Mama yangu akamimina yake yote mu nyungu ya maji ya majivu. Nililia, nikizani amekuwa wazimu.

"Muone, anapikia watoto majivu!" Mama Zawadi akacheka.

Kumbe ilikuwa sabuni. Mutu anaacha mafuta, lakini kufua haachi. Soko nzima ikaikimbilia, na Mama Zawadi naye akaja kuomba kipande.

"Aa, dada," Mama akamujibu, "haya ni majivu tu."

Jumapili Mama Zawadi alikuja kanisani amejifunga kikwembe chenye madoa ya mawese. Mama yangu aliimba kwa sauti kupita kwaya, na mimi pia.